Nzi wa mabibo na DNA inayohama: shajara ya mradi, Mtwara

Agosti, kabla ya mabibo kuiva

Shajara hii ni ya mradi wa klabu ya baiolojia ya shule yetu hapa Mtwara mjini. Naiandika ili mwalimu mwenzangu wa Newala, Masasi au Nachingwea akitaka kuanza kazi kama hii asianzie sifuri, na ili wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) waone kwamba utafiti wa jeni unaweza kuanzia kwenye rundo la mabibo yaliyochacha. Swali tulilojipa ni hili: kipande cha DNA kikihamia karibu na jeni fulani, au kikajipachika katikati yake, jeni hiyo itasomwaje baada ya hapo?

DNA ni maandishi ya urithi ndani ya seli, yenye herufi za kikemikali, na jeni ni kipande chake chenye maelekezo. Jeni kusomwa maana yake ni kunakiliwa kuwa RNA, na kwa kawaida RNA hiyo ndiyo inayotumika kutengeneza protini. Seli za jicho na seli za utumbo zina jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinasomwa, wapi, lini, na kwa wingi gani. Ndiyo maana kitu kinachovuruga usomaji kinaweza kumbadilisha mnyama hata kama jeni yenyewe haijaguswa herufi moja.

Vipande vinavyohama huitwa transposoni. Aliyevigundua ni Barbara McClintock wa Marekani, miaka ya 1940, akichunguza punje za mahindi zenye madoadoa. Wengi hawakumwelewa wakati ule, na Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1983. Mahindi haya tunayosongea ugali, karibu asilimia 85 ya DNA yake ni vipande vya namna hiyo pamoja na mabaki yake. Kwa binadamu ni karibu nusu. Kwa nzi tunayemtaka, Drosophila melanogaster, ni takriban moja ya tano.

Kwa nini nzi? Ana jozi nne tu za kromosomu. Mpangilio wa herufi za DNA yake ulibainishwa na kuchapishwa mwaka 2000, na wakati huo zilihesabiwa jeni zipatazo 13,600. Kwenye joto la nyuzi 25 anatoka kwenye yai hadi kuwa nzi kamili ndani ya siku 10 hivi, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuona vizazi kadhaa ndani ya muhula mmoja. Na chakula chake ni rahisi.

Niweke jambo moja sawa mapema, maana wazazi wameshaniuliza. Huyu si yule nzi mkubwa anayetoboa maembe na kuyaharibu yakiwa mtini, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kuenea sehemu kubwa ya Afrika. Wetu ana urefu wa milimita mbili tatu, macho mekundu, na anafuata hamira iliyo kwenye tunda lililokwisha kuoza. Hamdhuru mkulima wa korosho.

Katikati ya Septemba, mitego ya kwanza

Mabibo yameanza kudondoka. Tumeweka mitego kwa bibi mmoja anayekamua uraka, kinywaji cha mabibo, upande wa Naliendele. Mtego ni chupa ya maji iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa kuelekea ndani kama faneli, chini kuna bibo lililopondwa na punje chache za hamira. Nzi anaingia kwa harufu, njia ya kutokea haioni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Wachukueni wote, msiniachie hata mmoja."

Waliokamatwa si wa aina moja, na hapa ndipo kazi ya macho ilipoanza. Waliokuwa na mistari myeupe kutoka kichwani kushuka mgongoni ni Zaprionus, wa Afrika pia lakini si wetu, tukawaachia. Wagumu ni Drosophila simulans. Majike wa simulans na wa melanogaster hata mtaalamu huwachanganya. Madume tu ndio wanaotofautishwa kwa uhakika, kwa umbo la viungo vya uzazi pale mwisho wa fumbatio, na hilo linahitaji hadubini na mkono usiotetemeka.

Njia tuliyoichagua ni kuweka jike mmoja mmoja kwenye kichupa chake, akiwa ameshapandwa huko huko porini, kisha kusubiri watoto wake wa kiume wakue na kuwachunguza wao. Madume wakiwa melanogaster, basi mama naye ni melanogaster, na kichupa kile kinakuwa ukoo mmoja unaojitegemea. Kila ukoo unapewa namba, mahali ulipokamatwa, na jina la mwanafunzi anayeulea. Wamelipokea jambo hili kwa moyo. Kuna kijana wa Kidato cha Sita anapita kuangalia ukoo wake kabla hata ya namba ya asubuhi.

Mwisho wa Septemba, chakula na joto

Kwa ufupi, kwa watakaotuiga. Chakula ni uji mzito wa sembe, sukari na hamira, unapikwa hadi ushikane, siki kidogo inatiwa kuzuia ukungu, unamiminwa moto moto kwenye vichupa na kuachwa upoe. Vichupa vinafungwa kwa pamba. Miguu ya meza ikae kwenye makopo ya maji, la sivyo sisimizi watakula mabuu usiku mmoja.

Joto ndilo tatizo halisi la pwani yetu. Mchana chumba cha maabara kinapita nyuzi 30, na madume wanaokuzwa kwenye joto hilo hupoteza uwezo wa kuzalisha. Umeme nao hukatika, kwa hiyo hatukutaka kutegemea feni wala jokofu. Tumepanga vichupa ndani ya mitungi mipana ya udongo, iliyosimama kwenye beseni la mchanga unaomwagiliwa maji asubuhi na mchana. Maji yakikauka kwenye mchanga na udongo yanaondoka na joto. Kipimajoto kilichomo ndani kinabaki kwenye nyuzi ishirini na kitu, na mabuu yanapanda ukuta wa kichupa kama inavyotakiwa.

Oktoba, vichupa kutoka Dar

Rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa anafanya kazi kwenye maabara ya jenetiki Dar es Salaam, ametuletea nzi wa maabara wa aina tatu. Masharti yetu ni kwamba hakuna hata mmoja anayetoka nje ya chumba akiwa hai. Wakimaliza kazi wanaingia kwenye spiriti.

Wa kwanza ni wenye macho meupe. Hawa ni uzao wa mabadiliko yaleyale aliyoyaona Thomas Hunt Morgan mwaka 1910 kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, New York, yaliyothibitisha kwamba jeni inakaa kwenye kromosomu, tena ile ya X. Jeni hiyo inaitwa white kwa sababu ikiharibika jicho linakuwa jeupe. Morgan hakuwa na njia ya kujua kilichotokea ndani. Miaka mingi baadaye, herufi za DNA hiyo zilipobainishwa, ikaonekana kwamba kipande kinachohama kiitwacho Doc kilijipachika karibu na pale jeni inapoanzia kusomwa. Yaani nzi mashuhuri kuliko wote katika historia ya jenetiki alikuwa kazi ya transposoni. Na baadhi ya nzi wenye rangi hafifu waliotokea baadaye kwenye ukoo huo wa macho meupe walikuwa na kipande cha pili kilichotua ndani ya kile cha kwanza, rangi ikarudi kidogo. Wanafunzi walinirudisha kwenye jambo hili mara kwa mara: nyongeza juu ya nyongeza, na badala ya kuzidi kuharibu, imepunguza madhara.

Wa pili wana jeni ileile ya white, lakini macho yao ni ya rangi ya bibo la manjano lililoanza kuiva. Hapa mhamiaji ni copia, mwenye urefu wa jozi za herufi zaidi kidogo ya 5,000, na ametua ndani ya introni, sehemu ya jeni ambayo kwa kawaida hukatwa na kutupwa nakala inapotengenezwa. Mtu angetarajia isiwe na neno: kama sehemu hiyo hutupwa, mgeni naye atatupwa pamoja nayo. Na kweli, nakala chache zinafanyiwa hivyo na kutoka nzima, ndiyo maana jicho lina rangi. Lakini copia ana alama zake mwenyewe za kumalizia nakala. Mashine ya kunakili ikifika hapo mara nyingi inadhani imefika mwisho, inaachia, na nakala inatoka fupi isiyofaa kitu.

Tulimwomba kila mwanafunzi aangalie jicho moja kwa dakika nzima kabla ya kusema chochote. Ukikuza vya kutosha unaona vijicho vidogo vilivyopangwa kama vigae, vyote vya rangi moja iliyofifia kwa usawa. Mhamiaji alikuwa ameshaingia kwenye yai, kwa hiyo kila seli inayo copia mahali palepale, na kila seli inapata upungufu uleule. Binti mmoja alisema, "Mwalimu, kumbe hapa jeni haijazimwa, imepunguzwa." Nikaliandika ubaoni sentensi hiyo, ikabaki juma zima.

Oktoba, minada ya korosho imeanza

Tumepandisha nzi hawa na wa porini. Kabla ya kupandisha ilibidi tuamue nani awe baba na nani awe mama, na sababu yake yenyewe ni somo la transposoni.

Kuna kipande kinachoitwa P. Hakikuwemo kwenye melanogaster wa zamani. Kiliingia karne ya 20, kikitoka kwa nzi wa aina nyingine wa Amerika, Drosophila willistoni, na kikasambaa kwa nzi wa porini karibu dunia nzima. Koo za maabara zilizokamatwa kabla ya hapo hazinacho. Dume wa porini mwenye P akimpanda jike wa koo hizo za zamani, watoto wanaweza kuzaliwa na ovari zilizodumaa, hasa kukiwa na joto la kama nyuzi 29. Ukigeuza, jike awe wa porini na dume wa maabara, watoto ni wazima. Tofauti iko kwenye yai. Mama mwenye P anawaachia watoto ndani ya yai RNA fupi fupi ambazo, zikishikwa na protini iitwayo Piwi na ndugu zake, zinavitambua vipande vinavyohama na kuvinyamazisha. Mama asiye nacho hana kinga ya kurithisha.

Kwa joto letu, basi, uamuzi ulikuwa mwepesi: mama wa porini, baba wa macho ya rangi ya bibo.

Kizazi cha kwanza wote wametoka na macho mekundu, waume kwa wake. Kizazi cha pili majike wote ni wekundu, na kwa madume karibu nusu wana macho ya babu yao yule wa Dar. Wanafunzi walishawahi kukariri urithi wa kromosomu X kwa ajili ya mtihani. Safari hii waliwamwaga nzi waliolala kwa baridi juu ya kipande cha kioo chenye barafu chini yake, wakawapanga kwa brashi ya kuchorea, na kuhesabu kilichokuwa mbele ya macho yao. Ubishi ulikuwa mkubwa, na ulikuwa ubishi wa kuhusu nzi, si wa kuhusu maksi.

Mwanzo wa Novemba, nzi wa tatu

Hapa nitakaa, kwa sababu nzi huyu ndiye aliyebadilisha mpango wetu wote.

Jina la mabadiliko yake ni y2. Jeni inayohusika inaitwa yellow, na kazi yake ni kuutia mwili wa nzi rangi yake ya giza. Jeni hii ikifa kabisa, mwili unakuwa wa manjano, mabawa manjano, na vinywele vigumu vya mgongoni navyo vinakosa weusi. Y2 si hivyo. Mwili ni wa manjano, mabawa ni ya manjano, lakini vile vinywele vimebaki vyeusi. Tulimweka ubavu, taa ikimulika kutoka upande, na vinywele vile vilisimama juu ya mgongo mkavu wa rangi ya mchanga, vyeusi tii, kila kimoja na kivuli chake.

Jeni moja, nzi mmoja: imenyamaza kwenye ngozi na bawa, inasomwa kama kawaida kwenye vinywele. Inawezekanaje?

Jeni ina mahali inapoanzia kusomwa, na ina vipande vya DNA vinavyofanya kazi ya swichi, kila swichi kwa ajili ya sehemu yake ya mwili. Swichi ya bawa na swichi ya ngozi za jeni ya yellow ziko mbele, kabla ya jeni kuanza. Swichi ya vinywele iko ndani ya jeni yenyewe, kwenye introni. Mhamiaji aitwaye gypsy, mwenye urefu wa takriban herufi 7,500, alikuja kutua kama herufi 700 kabla ya mwanzo wa jeni, yaani katikati, kati ya swichi za mbele na mahali pa kuanzia. Hakugusa jeni. Hakugusa swichi yoyote. Amezitenganisha tu.

Na si urefu wake unaozitenganisha. Ndani ya gypsy kuna eneo fupi lenye sehemu 12 ambazo protini ya nzi mwenyewe, inayoitwa Su(Hw), huja kuzishika. Protini ikishashika hapo, swichi zilizo ng'ambo haziwezi tena kuamuru jeni. Zilizo upande wa ndani, kama ile ya vinywele, zinaendelea na kazi. Ushahidi wake ni mzuri kuliko maelezo yangu: ukichukua nzi wa y2 asiye na protini ya Su(Hw) inayofanya kazi, gypsy akiwa bado yuko palepale, weusi wa mwili unarudi. Uhusiano huo kati ya gypsy na Su(Hw) ulielezwa mwaka 1983 na Modolell, Bender na Meselson. Kilichofuata ni wanasayansi kuitumia sehemu hiyo ya gypsy kama kifaa cha kuchunguzia jinsi swichi zinavyofikia jeni zao kwa wanyama kwa ujumla.

Tulichokiandika kwenye daftari la mradi baada ya mjadala wa siku hiyo ni kwamba tulikuwa tunauliza swali nusu. Tulikuwa tunauliza "jeni imepanda au imeshuka?" Swali kamili lina "wapi mwilini?" ndani yake. Ukimsaga y2 mzima ukapima RNA ya yellow, utapata namba moja ya wastani, na namba hiyo haitakuambia habari ya vinywele.

Novemba, mchana wa mvua

Mvua ya kwanza, shule tupu, tumekaa na kompyuta moja kusoma. Mambo mawili.

La kwanza: mwaka 2015 Cridland, Thornton na Long walichapisha uchunguzi wa nzi wa koo nyingi, wakilinganisha mahali vipande vinavyohama vilipotua na kiwango cha kusomwa kwa jeni za jirani. Walikuta kwamba vipande vilivyotua ndani au karibu na jeni mara nyingi vinaendana na jeni hiyo kusomwa kidogo, na kwamba kila kimoja ni adimu, kinapatikana kwa nzi wachache tu. Inaeleweka. Kipande kinachoshusha jeni muhimu kinampunguzia nzi watoto, kwa hiyo hakipati muda wa kuenea. Tunaowaona ni wageni wa karibuni.

La pili: kinga ile ya Piwi nayo ina gharama. Mwili ukimnyamazisha mhamiaji kwa kuikunja DNA yake isisomeke, mkunjo unaweza kusambaa hadi kwenye jeni ya jirani isiyo na kosa. Kwa hiyo jirani anaweza kunyamaza kwa sababu ya mhamiaji, au kwa sababu ya ulinzi dhidi ya mhamiaji. Hatuna vifaa vya kutenganisha hayo mawili hapa shuleni, na hatutajaribu.

Mwisho wa Novemba, kwa nini Mtwara

Sasa nifike kwenye sababu ya kuwakamata nzi wetu wenyewe, maana mtu anaweza kusema: kama nzi wa maabara wapo, mabibo ya nini?

Kuna jeni inaitwa Cyp6g1. Inatengeneza kimeng'enya cha kuvunjavunja sumu. Mwaka 2002 Daborn na wenzake walionyesha kwamba nzi wanaostahimili dawa ya wadudu ya DDT wanaisoma jeni hii kupita kiasi, na wote wana kipande cha mhamiaji aitwaye Accord kilichojipachika mbele yake. Hiki hakikuzima wala hakikupunguza. Kimepandisha. Mwaka 2007 ikaonekana pia kinapandisha wapi: utumbo wa kati, mirija ya Malpighi, na tishu ya mafuta, yaani pale pale ambapo mdudu hupambana na sumu. Accord amekuja na swichi yake mwenyewe. Na kimeng'enya hicho kinavunja pia baadhi ya dawa za siku hizi, imidakloprid ikiwemo.

Baadaye ikagundulika kwamba hadithi haikuishia kwenye Accord mmoja. Kuna nzi wenye jeni moja bila mhamiaji, hao ndio wa asili. Kuna wenye nakala mbili za jeni na Accord. Kuna ambao mhamiaji mwingine, HMS-Beagle, ametua ndani ya Accord. Na kuna ambao juu ya hao ameongezeka P, yule yule tuliyemwepuka mwezi uliopita. Kila hatua imeendana na ustahimilivu mkubwa zaidi. Binti wa "imepunguzwa" alikumbuka mara moja macho meupe na kipande kilichotua ndani ya Doc.

Jambo ninalolishikilia mimi ni hili. Uchunguzi wa nzi kutoka sehemu nyingi za dunia, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba nje ya Afrika nzi wenye Accord ni asilimia 85 hadi 100. Afrika Mashariki ni asilimia 32 hadi 55. Mtafiti wa Ulaya akitaka kuwalinganisha walio nacho na wasio nacho ndani ya kundi moja la nzi wa porini, wasio nacho itabidi awatafute kwa tochi. Kwetu, kwa mujibu wa uchunguzi huo, aina zote mbili zinaishi pamoja. Tena huyu nzi ni wa huku. Asili yake ni ukanda wa miombo wa kusini mwa Afrika, na mwaka 2018 watafiti walieleza kuwakuta wakiwa porini kabisa, mbali na makazi ya watu, kwenye matunda ya mng'ongo huko Zimbabwe. Anayejulikana duniani kama nzi wa jikoni na wa maabara alitoka kwenye misitu ya aina hii iliyo nyuma yetu hapa, Masasi na Liwale. Naona si haki vijana wa mahali hapa wamsome kama kiumbe wa kitabuni.

Na faida yake haiishii kwa nzi. Mikoa yetu ya kusini inaijua malaria. Mbu Anopheles funestus wa kusini mwa Afrika wana jeni za familia hiyohiyo, CYP6P9a na CYP6P9b, na mwaka 2020 ilielezwa kwamba kipande cha DNA cha herufi kama 6,500 kilichoongezeka katikati ya jeni hizo mbili kinachangia zisomwe zaidi, mbu wakastahimili dawa iliyo kwenye vyandarua. Mwanafunzi akielewa Accord kwenye nzi wa bibo, ameshaelewa kwa nini mbu anaweza kutua kwenye chandarua chenye dawa na kuondoka mzima.

Desemba, mirija

Tumekuwa tukijifunza kupasua. Nzi analazwa kwenye tone la maji ya chumvi, kibano kimoja kinamshika kifuani, kingine kinavuta ncha ya fumbatio taratibu. Utumbo unatoka wote kama uzi. Pale utumbo wa kati unapokutana na wa nyuma zinaelea nyuzi nne nyembamba, zenye rangi ya manjano, zikijipinda kwenye maji: mirija ya Malpighi, ambayo kwa nzi ni mahali pa figo zetu. Kwa nzi wa macho meupe nyuzi hizo hazina rangi, maana jeni ya white inafanya kazi huko pia. Hakuna aliyekuwa amewaambia wanafunzi hilo. Waliona tofauti wenyewe wakiwa wameweka slaidi mbili pamoja, wakadhani wa pili ni mgonjwa, kisha mmoja akauliza kama jeni ya macho inaweza kusomwa tumboni.

Mpango tulioafikiana na rafiki yetu wa Dar ni huu. Kutoka kila ukoo tunachukua nzi kwa ajili ya DNA, wakae kwenye spiriti. PCR ya huko, njia ya kunakili kipande cha DNA kwa wingi hadi kionekane, itaonyesha nani ana Accord na nani hana. Kutoka koo hizo hizo tunapeleka nzi hai, ili RNA ya Cyp6g1 ipimwe mara mbili, kwenye vichwa peke yake na kwenye mirija na utumbo peke yake. Tukiwa sahihi, wenye Accord watawazidi wenzao kwenye mirija na utumbo, na kwenye vichwa tofauti iwe ndogo au isiwepo. Wakizidi sawasawa kila mahali, maelezo yetu ya swichi ya Accord hayatoshi kwa nzi wa huku na itabidi tutazame nakala za ziada za jeni, maana jeni ikiwa mara mbili inaweza kupandisha kila mahali bila kujali swichi.

Jaribio la sumu halifanyiki shuleni. DDT haitaguswa na mwanafunzi wangu yeyote, na hata dawa za madukani zitashughulikiwa na maabara yenye vifaa.

Kulikuwa na pendekezo la kulinganisha nzi wa mashamba ya mikorosho yaliyopuliziwa dawa na yasiyopuliziwa. Tumelikataa kwa sasa. Dawa hupigwa wakati wa maua, miezi kadhaa kabla ya mabibo, na nzi wanahama shamba hadi shamba wakifuata tunda. Tofauti ikitokea hatutajua imetoka wapi. Isipotokea, hatutajua pia. Kulinganisha koo zilizokamatwa chini ya mikorosho ileile kunatupa jibu safi zaidi. Kijana aliyetoa pendekezo hakuridhika, na ameomba aruhusiwe kuandika mahali dawa inapopigwa kuanzia Juni ijayo, tarehe, aina na umbali. Nimemkubalia. Akiwa na rekodi hiyo, msimu ujao tunaweza kulirudia swali lake tukiwa na kitu mkononi.

Sampuli za spiriti zimeshafungwa na kuandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka. Nzi hai wanaondoka Jumatatu na basi la alfajiri, vichupa vimelazwa ubavu ili chakula kisiwafunike, ndani ya boksi lenye chupa za maji baridi pembeni. Koo zote tumebakiza nakala zake hapa mitungini, na zamu ya kumwagilia mchanga wakati wa likizo wamejipangia wanafunzi wenyewe. Majibu ya PCR yakifika nitayaweka hapa yalivyo, koo kwa koo.